Aliyetajwa na Mashine

Siku hizi mtoto mwenye kifafa hapewi dawa mpaka mashine ya kliniki ijue amekirithi kwa nani, na anayetajwa hamshiki mtoto huyo tena maishani.

Bi Chausiku alimpakata mjukuu wake, aliyekuwa amekakamaa mara nne asubuhi ile.

"Alizaliwa na kilo ngapi?" mashine ikauliza.

"Mbili na robo," Chausiku akajibu. "Kuku wa sikukuu anamshinda."

"Nani katika ukoo aliwahi kuanguka kifafa?"

Mkwewe Tatu, mama wa mtoto, hakumjua yeyote. Chausiku alilificha jambo hilo miaka sitini, hata marehemu mumewe hakuambiwa.

"Mimi," alisema. "Utotoni."

Dawa ikatoka.

"Haya, mume wangu," akamwambia mtoto, "unaniacha bila hata talaka."

Ikabidi Tatu ambandue mwanawe vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye kanga ya bibi yake.