Ukoko

Bi Sikudhani alikuwa akichagua mchele. Alikiona kijiwe kwenye ungo, akakitupa kwa nguvu isiyohitajika. Wanawake wenzake waliokuja matangani kwa jirani yake, Bi Raya, walikuwa wakisimulia vituko vya marehemu mume wa Raya.

"Alipokoroma, majogoo waliwika wakidhani kumekucha," alisema mmoja. Raya mwenyewe akacheka huku akifuta machozi.

Wivu ukamkaba Sikudhani. Miezi mitatu iliyopita wanawake hao hao walichagua mchele uani kwake, baada ya mwanawe Athumani kujiua. Walifanya kazi upesi, macho chini, na hakuna aliyelitaja jina lake. Mume wa Raya aliondoka kwa homa, kifo kinachosimulika.

Raya akainuka mkekani, akaja kuketi kando yake na kuchota mchele katika ungo wake.

"Dada, siku ile niliogopa kukuumiza, nikanyamaza. Niambie leo. Athumani alipenda nini?"

Sikudhani alitaka kumwambia abaki na marehemu wake. Badala yake akajibu, "Ukoko. Mtu mzima na ndevu zake, anakwangua sufuria mpaka naona haya kwa majirani."

"Kwangu alikuja na kijiko chake mfukoni," alisema mwanamke mmoja kwa sauti ndogo.

Sikudhani akamgeukia.

"Kijiko gani?" aliuliza, na mkono wake uliojaa mchele ukabaki umefumbwa juu ya ungo.