Keki Iliyojaza Kioo

Siku hizo kamera haikuwa na mchezo: ikinasa tukio, inalifuta kichwani mwa mpigaji, siri za watu zisije zikatembea. Anaeli Temba alipiga video za harusi, matangazo ya sabuni, hata kikao cha ukoo kilichoishia ngumi, akarudi nyumbani kichwa cheupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Kosa lake ni kupiga video ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya bintiye mwenyewe, Ndeshi. "Utasahau, Baba," binti alimwonya. Akajigamba: "Damu haifutiki na kidude!"

Sasa Ndeshi, mwezi wa tatu wa ndoa, amekuja, anamenya ndizi jikoni.

"Baba, unakumbuka nilichokunong'oneza nikikulisha keki?"

Anaeli ameitazama video ile mara arobaini. Keki inakuja mpaka inajaza kioo, midomo ya Ndeshi inatikisika, matarumbeta yanameza maneno. Laiti angeiweka kamera chini, akala keki kama baba wengine!

"Nakumbuka, mwanangu. Nisahau, nina wazimu?"

Kisu kikasimama.

"Na jibu lako ni lilelile, kwamba nivumilie tu?"

Anaeli akatazama maganda ya ndizi, asijue alimwambia avumilie nini.