Kibali cha Mume wa Hyasinta

"Ndoa yenu naiheshimu, dada," ofisa wa uhamiaji alisema, akakirudisha cheti cha ndoa mezani. "Lakini ndoa siyo kibali. Kibali cha kazi kiliisha Jumanne, na mwajiri hakuomba kingine. Shemeji ana siku saba awe amevuka mpaka."

Siku saba. Mimba ya Hyasinta ilikuwa ya miezi minane; daktari alimkataza kusafiri hata kufika Arusha.

Alimtazama mumewe, Mmalawi aliyeoka mikate katika hoteli moja ya watalii hapo Karatu. Unga ulikuwa umeganda pembeni mwa kucha zake. Kidole chake kilipapasa tarehe kwenye kile kibali, kikarudi, kikapapasa tena.

"Meneja atakuwa amesahau," mume alisema taratibu. "Yule mama ana mambo mengi."

Meneja hakusahau. Wiki moja baada ya harusi, Hyasinta alimpelekea kipande cha keki kilichobaki, akamwambia kwa maringo, "Mama, hizo fomu zake za kibali achana nazo. Huyu sasa ni wetu." Meneja alicheka, akalirudisha faili kabatini.

Mumewe hakuwahi kuambiwa.

"Nikiandika kuwa mwajiri alizembea, labda wakubwa watamwongezea shemeji muda," ofisa alisema, kalamu mkononi. "Lakini nitampigia meneja kwanza. Ni yeye aliyezembea?"

"Ni yeye," mume alijibu.

Hyasinta alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Usimpigie," alisema. "Ni mimi."