Pumzi ya Baba

Kwenye mashindano ya vijana kila mtu aliogelea kwa pumzi yake mwenyewe. Ukipanda daraja la taifa, sheria iliruhusu ndugu mmoja wa damu akuazime nusu ya yake, na bila hiyo hakuna aliyefika fainali.

Tumsifu alipotimiza miaka kumi na sita, baba yake, Elirehema, alikwenda hospitali asubuhi na kurudi mchana akiwa na plasta ndogo kifuani. Wiki hiyohiyo binti alipunguza sekunde tatu katika mita mia mbili. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa bingwa wa taifa.

Nyumbani mambo yalijipanga upya bila kuzungumzwa. Baba, fundi rangi, aliacha kupanda ngazi, akabaki kupaka mageti na madirisha ya chini. Kutoka sebuleni hadi bafuni alipumzika mara moja.

"Baba, nikiomba wakurudishie?" Tumsifu alimuuliza siku moja wakila.

"Umeshafuzu daraja la dunia," alisema, akatulia kuvuta hewa. "Usirudi nyuma, mwanangu."

Jumatatu kocha alileta fomu ya mashindano ya dunia. Daraja hilo lilitaka ndugu wawili. Tumsifu aliisoma yote, akaigeuza akitafuta mahali pa kukataa. Hapakuwapo. Chini kabisa mama yake alikuwa ameshatia saini.

Jikoni mama alikuwa akiimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wimbo baada ya wimbo, bila kupumzika.