Kikohozi Nyuma ya Mlango

Bilonda alivaa mifuko ya plastiki mikononi, ndipo akamshika kuku mmoja mgonjwa na kumpelekea baba mkwe.

"Tata, kuku yenu ya leo njo hii," alisema. "Mutamunyonyoa pole pole, mi naenda ku kanisa."

Tata Kabasele alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na kifua chake kiliharibiwa zamani na vumbi la mgodini. Miaka nenda rudi alikohoa, na hafi. Roho ya paka. Na chumba chake cha uani ndicho Bilonda alichomtakia Elisée, mwanawe wa pekee, ambaye bila chumba hangeoa, angebaki kulala kwenye hema na wachimbaji wenzake.

Muuguzi Angèle alikuwa amepita akionya mtaa mzima. "Musiguse bakuku benye kugonjwa. Virusi yabo inashuka mpaka chini ya mapafu, maji inajaa mule, mutu anazama hapa hapa mu kitanda. Hata mutu wa nguvu." Katika maneno hayo Bilonda alichukua alichokitaka, mengine akayaacha.

Aliporudi kanisani alikuta manyoya uani na nyama motoni. Elisée alikuwa amepita kumsalimu babu yake, akawahi kurudi machimboni. Nyama ile Bilonda hakuionja.

Siku chache baadaye, akitoka soko la Manika, alisikia kikohozi cha chumbani kimebadilika. Kilikuwa kizito, chenye maji, kama uji unaochemka. Tuseme kweli, alifurahi. Alibisha kwa adabu, akaacha maji mlangoni. Kuingia hakuingia: mke wa mtoto haingii chumba cha kulala cha mkwe, ndivyo walivyolelewa watu wa Kasai, na siku hiyo aliishika mila kuliko siku zote.

Ukuta uligongwa kutoka ndani. Sauti ilijaribu kuita, ikakatika. Bilonda aliendelea kuchambua maharagwe, akiwaza rangi ya kupaka chumba.

Alasiri, kimya.

Bilonda alilegeza kitenge, akajitupa chini na kupiga yowe. Alilia vizuri, wanawake wa jirani wakaja kumshika.

Pikipiki ikasimama getini. Akashuka Angèle, na nyuma yake Tata Kabasele, akikohoa kikohozi chake kikavu cha siku zote.

"Unalia nini, mama?" mzee aliuliza. "Elisée, mwenye alininyonyolea ile kuku, alirudi na homa ukiwa ku soko. Nilimuacha mu kitanda yangu nikaenda kuita muuguzi, alikuwa angali anapumua."