Mswaki wa Pili

Mswaki mkuukuu ulikwenda mbele na nyuma, kwaru kwaru, kwenye mistari kati ya vigae vya bafu. Uji mzito wa magadi uligeuka kahawia mikononi mwa kitindamimba.

Dawa ya kusafishia yenye harufu haikuingia tena nyumba hiyo. Dada yake mkubwa alichanganya dawa mbili kali humuhumu bafuni, mvuke wake ukambana pumzi, wakamkuta sakafuni hana uhai, mswaki mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: mama yao alipiga marufuku hata sabuni ya kunukia.

"Umeanzia wapi?" mama alipaza sauti toka sebuleni.

"Hapa mlangoni."

"Mvivu wewe! Dada yako alianzia kona ya mbali, akirudi nyuma mpaka mlangoni, asikanyage alikosafisha."

"Bafu halihami, mama."

Alicheka peke yake, akainua macho. Kwenye kona ya mbali, ambako hakuwa amegusa, mstari mmoja ulikuwa mweupe pe. Akapangusa jasho, akatazama tena. Sasa ilikuwa miwili, na wa pili ulikuwa bado umelowa.

"Mwanangu," mama aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo. "Uko na nani humo?"

"Niko peke yangu."

"Mbona nasikia miswaki miwili?"

Akauinua mkono wake, akaushikilia hewani.

Kwaru kwaru ikaendelea, polepole, ikirudi nyuma kuelekea mlangoni.