Fundi wa Mzee Noorali

Seva ilipokwama kwa mara ya tatu, Mathew alitukana kwa Kibondei, tena kwa sauti. Mzee mwenye duka alijifanya hasikii.

Maneno kwenye kioo yalikuwa yaleyale: mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Duka zima la vipuri pale Usagara, kila risiti na kila bolti, limo ndani ya kanzidata hiyo, nayo ilipewa ruhusa ya kufungua mafaili elfu moja na ushee tu. Mathew akipandisha kikomo, akiiwasha upya, kikomo kinarudi palepale. Kiburi gani hiki, jamani!

Asubuhi bosi wake alimwambia bila kumung'unya maneno: “Mzee Noorali asipouza kabla ya swala ya Ijumaa, usirudi ofisini.” Na Jenifa, mkewe, alikuwa karibu kujifungua. Basi Mathew akatoka Muheza mbio, akaingia dukani akihema.

“Shikamoo mzee. Nimetumwa kwa mzee Noorali, seva imekwama.”

“Marahaba. Umefika, mwanangu. Ingia.”

Nywila aliyopewa na bosi ilikataa. Binti wa mzee, Sarrah, akamtajia nyingine. “Lakini baba...” alianza kusema.

“Sarrah, kahudumie wateja.”

“Nitawahudumiaje, baba, na mashine imekufa?”

Simu ya Mathew ikaita. “Izime hiyo,” mzee akasema. “Simu haitengenezi mashine.” Akaizima.

Alihangaika mpaka shati likamgandama mgongoni. Kumbe! Muda wote alikuwa akibadilisha kikomo cha mtumiaji, ilhali kanzidata huwashwa na mfumo wenyewe, na mfumo una kikomo chake. Akakipandisha huko, akawasha upya, akafumba macho. Safari hii haikuzima. Printa ikaanza kutema risiti, na wateja wakapiga makofi. Adhana ilikuwa bado.

Mathew akawasha simu huku akicheka peke yake, ampe bosi habari njema.

“Uko wapi wewe?” bosi alifoka. “Mzee Noorali kakungoja tangu asubuhi! Kafunga duka, kavunja mkataba. Usirudi!”

Simu ikakatwa. Mathew akamgeukia mzee, mdomo wazi.

“Noorali ni mdogo wangu, yuko mlango wa pili,” mzee alisema, akivaa kofia yake ya swala. “Mashine zetu za aina moja, na ugonjwa mmoja. Jana nilimwomba namba ya fundi wake, akaninyima. Mungu si Athumani.”